Mtani, King Majuto na M. Emmet Walsh

Kwenye vibanda vya video vya Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya, au kule Mlandege na Kihesa mjini Iringa, watazamaji wa miaka ya 1990 waliwagawa binadamu wote wa kwenye sinema katika mafungu machache. Kulikuwa na stelingi, ambaye hafi. Kulikuwa na adui, na juu yake bosi wa maadui, ambaye hufa mwishoni kabisa. Kulikuwa na demu wa stelingi, na rafiki wa stelingi, ambaye kila mtu alijua mapema kwamba atauawa katikati ili stelingi apate hasira. Waliobaki walikuwa watu tu. Mlevi wa baa, polisi mla rushwa, mwenye gereji, mzee anayemwonyesha stelingi njia: watu. Hakuna aliyeuliza majina yao, na hata angeuliza asingejibiwa, maana majina huja mwishoni yakipanda kwa maandishi madogo, na kufikia hapo mwenye kibanda alikuwa ameshachomoa mkanda ili waingie wa shoo inayofuata.

Mmoja wa watu hao aliitwa Michael Emmet Walsh. Alizaliwa Ogdensburg, jimbo la New York, mwaka 1935, akakulia Vermont karibu na mpaka wa Kanada, mtoto wa afisa wa forodha. Mtu wa Tunduma, mpakani na Zambia, hahitaji kuelezwa mtoto wa namna hiyo hukua akiona nini. Akiwa na miaka mitatu alipoteza usikivu wa sikio moja. Alisomea biashara chuoni, kisha akaenda New York kujifunza kuigiza, na alipoanza kuonekana kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa ameshavuka miaka 30. Uso haukuwa wa kubandikwa ukutani, na mwili ulikuwa wa mtu unayepanga naye foleni benki. Stelingi angekata tamaa kwa sura ile. Walsh aliifanya mtaji. Mpaka anafariki Machi 19, 2024, akiwa na umri wa miaka 88, alikuwa amecheza katika filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 200, mara nyingi kwa dakika chache tu: polisi, jaji, kocha, bosi wa ofisi, mzee mkorofi wa jirani.

Wapenzi wa Dolph Lundgren wa Mwanjelwa walimwona bila kujua. Katika Red Scorpion, filamu ya 1988, Lundgren ni mwanajeshi wa Kisovieti anayetumwa katika nchi ya Kiafrika ya kubuni kumuua kiongozi wa waasi, kisha anageuka na kupigana upande wao. Walsh ni mwandishi wa habari wa Kimarekani, mdomo mchafu, anayezunguka na waasi hao. Filamu ilipigwa Namibia, ambayo wakati huo ingali chini ya makaburu wa Afrika Kusini, na yule mwasi anafanana mno na Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola aliyesaidiwa na makaburu hao. Kwa hiyo mkanda uliomsafisha rafiki wa makaburu ulikuja kushangiliwa kwenye nyanda hizi hizi ambako, pale Mgagao mkoani Iringa, wapigania uhuru wa Zimbabwe walifunzwa vita miaka ya 1970. Sidhani kama kuna aliyeuliza. Tulimshangilia mwenye misuli.

Lakini tazama tena, safari hii ukimwacha Lundgren afanye yake. Hata katika takataka ile Walsh yuko kazini. Anatukana akitafuta pa kukalia. Anamkasirikia Mrusi, na huku macho yake yanapiga hesabu kama Mrusi huyo anaweza kumvusha salama. Unapata mtu mzima mwenye maisha yake nje ya hadithi, mtu ambaye asubuhi aliamka na mgongo unauma. Stelingi hana mgongo unaouma.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni Blood Simple ya 1984, filamu ya kwanza ya ndugu Joel na Ethan Coen, ambao waliandika nafasi ile wakimfikiria yeye. Ni mpelelezi wa kukodiwa huko Texas: suti ya manjano, kofia ya kikauboi, gari dogo la Volkswagen ambalo halilingani na mwili wake, jasho, na kicheko cha mtu anayejisikilizia akicheka. Mwenye baa anamlipa amfuatilie mkewe, kisha amuue yeye na hawara yake. Walsh hapandishi sauti. Uovu wake ni wa kikarani, wa mtu anayehesabu pesa huku akikueleza jambo la kawaida kuhusu hali ya hewa. Mwishoni amepigwa risasi, amelala chali kwenye sakafu ya bafu, na anapogundua kwamba mwanamke aliyempiga amemdhania ni mtu mwingine, anacheka. Halafu macho yake yanainuka kwenye mabomba chini ya sinki ambako tone la maji linajikusanya taratibu, karibu kudondoka. Mtu anakufa akisubiri tone. Kwa nafasi hiyo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tuzo za filamu huru za Marekani, mwaka wa kwanza tuzo hizo kutolewa kwa waigizaji. Wakamwita mhusika mkuu. Nadhani hata wao walichanganyikiwa.

Mhakiki Roger Ebert aliwahi kutunga kanuni kwamba filamu yoyote yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh katika nafasi ndogo haiwezi kuwa mbaya kabisa. Kanuni hiyo ina matundu, Red Scorpion likiwa mojawapo, lakini inasema kweli kuhusu jinsi Wamarekani wanavyowatambua watu hawa. Sura wanaijua kwa miaka 40. Jina hawalijui. Humwona kwenye skrini wakaulizana sebuleni, "Huyu nani vile?"

Nataka kumweka mtu huyu kando ya waigizaji wetu, ila kabla ya kufika kwa mchekeshaji King Majuto sina budi kupita msibani, kwa sababu huku nyanda za juu ndiko alikokuwa mwigizaji kabla ya televisheni na kabla ya mkanda.

Mtu akifa, mtani anafika. Anaingia na vurugu zake, hakai walipokaa wengine. Anaomba koti la marehemu, analivaa; anaiweka kofia upande ule ule marehemu alikozoea kuielekeza; anachukua bakora na kupita mbele ya wafiwa akivuta mguu kama yeye, akikohoa kile kikohozi chake cha alfajiri. "Mama watoto, chai yangu iko wapi? Mmeshaanza kunisahau?" Mjane aliyekuwa akilia anajikuta anacheka kwa machozi yale yale. Mtani akiwa hodari, kuna kinachopita pale kwa sekunde mbili tatu: marehemu yupo. Halafu kaburi likishachimbwa anashuka ndani, analala chali, anatangaza kwamba nyumba ameipenda na hatoki. Wafiwa wanachangishana. Akiona noti hazitoshi anajinyoosha, anapima kwa shubiri, anasema upande wa miguuni kumebana. Hatoki mpaka alipwe.

Ukiuliza Iringa utani wa Wahehe na Wangoni umetoka wapi, utarudishwa kwenye vita vya 1878 mpaka 1882, vita ambavyo hakuna aliyeibuka mshindi wa kujisifu. Waliokuwa wakichomana mikuki wakaishia kuchomana maneno, na kuzikana. Sijali sana kama asili ya kila utani ni vita kweli; wazee wengine wanataja njia za misafara na ajira za mashambani. Kinachonivutia ni ufundi. Mtani hana jukwaa, hana taa, hana dakika za kumjenga mhusika. Ana koti, kofia na kikohozi, na hadhira inayomjua mhusika kuliko yeye. Akikosea upande wa kofia, ameharibu. Walsh na mpelelezi wake wa suti ya manjano wangeelewana naye kwa haraka.

Upande wa Rungwe jukwaa la msiba lilikuwa la namna nyingine. Godfrey na Monica Wilson, walioishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuandika kuhusu maziko yao, walikuta wanawake wakiomboleza na wanaume wakicheza ngoma ya kivita, mikuki mkononi, vijana wakichomoka mmoja mmoja kwenye uwazi na kuruka mbele ya kundi. Ilikuwa ngoma ya kumzika shujaa, hata kama aliyezikwa alikuwa mpole. Hapo anayecheza anajionyesha yeye mwenyewe: nguvu zake, ujasiri wake, ubora wake mbele ya wasichana waliokuja msibani. Kwa lugha ya kibanda, Rungwe ilitoa mastelingi, na utani ulitoa watu. Najua Mnyakyusa atafurahia mgawanyo huo, na Mhehe atataka nifute, kwa hiyo nauacha.

Utani ulikuwa na masharti mawili ambayo hakuna aliyeyaandika. La kwanza, zamu: uliyemwigiza leo ana haki ya kukuigiza kesho, na akifiwa mtani, wewe ndiye utakayevaa kofia. La pili, malipo kabla ya kutoka kaburini. Ninayo masharti haya akilini kila ninapotazama historia ya maigizo yetu ya mjini, na nikiyatumia kupimia naona yote mawili yalivunjwa, moja baada ya jingine, ndani ya maisha ya kizazi kimoja.

Baada ya uhuru serikali iliwafanya wasanii kuwa waajiriwa: kikundi cha taifa cha ngoma kikaanza miaka ya 1960, cha maigizo mwaka 1974, na wasanii wakapokea mshahara wa mwezi kama makarani wengine wa wizara. Vikundi hivyo vilipovunjwa na nguvu kuhamishiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981, kazi ya kuchekesha umma ilishikwa na vikundi vya burudani vya Dar es Salaam: Muungano, Mandela, DDC Kibisa, na kuanzia 1992 TOT ya Kapteni John Komba. Vilibeba ngoma, sarakasi, taarab, maigizo na vichekesho kwenye basi moja na kuzunguka mikoani. Televisheni ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, vichekesho vilikuwa vimeshapata watu wake.

Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948, ndiye aliyekuja kuwa mkubwa kuliko wote kwa jina la King Majuto. Ufundi wake ulikuwa wa mwili kwanza. Macho yalitoka kabla ya maneno. Alikuwa na namna ya kupokea habari mbaya kwa kugeuza kichwa nusu, kana kwamba anampisha mtu mwingine aipokee, kisha sura yote inaporomoka. Alicheza mzee bahili, mzee mpenda vimwana, baba anayekataa posa, mganga wa uongo. Na wote walikuwa Majuto. Hapo ndipo njia yake na ya Walsh zinapoachana. Walsh alijificha ndani ya watu 200. Majuto aliwaleta watu wote ndani yake mwenyewe, na mtazamaji wa Makambako alinunua kanda kwa sababu ya Majuto, hakujali safari hii anacheza nani. Jina liliandikwa kwa herufi kubwa juu ya kava, mbele ya jina la filamu.

Ila jina lile halikuwa lake. Watanzania wengi walikutana na jina Amri Athumani kwenye habari za ugonjwa wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchekeshaji mwenzake Mzee Small, ambaye wengi walimjua kama Said Ngamba alipopigwa na kiharusi, mpaka kifo chake Juni 2014. Ndivyo ilivyokuwa Kenya kwa Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, aliyefariki Julai 12, 2015, na ndipo wengine wakashtuka kusikia kwamba Mjaluo wao mpendwa aliitwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amevaa miwani ile puani na kofia ile, akiongea Kiswahili chenye "s" mahali pa "sh", na Wajaluo wenyewe walimkubali. Mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, ni Mary Khavere, na yeye si Mjaluo. Katika nchi ambayo siasa zake zimewahi kuwapanga Wakikuyu na Wajaluo pande mbili za panga, Mkikuyu kupendwa akiwa Mjaluo ni jambo ambalo wanasiasa wangelipia pesa nyingi kulipata.

Basi Marekani wana sura isiyo na jina, na sisi tuna jina ambalo halimo kwenye kitambulisho. Mfiwa wa Walsh alijua amtafute nani kwenye orodha ya chama cha waigizaji. Mfiwa wa Majuto alikuta kava za kanda zenye jina ambalo benki hailijui.

Nirudi kwenye zamu. Vichekesho vya Dar es Salaam vilichukua lafudhi za nyanda za juu na kuzigeuza mavazi. Msaidizi wa nyumbani atakuwa Mhehe wa kusema "kamwene" na kujibu kila kitu taratibu mno. Mbishi wa kijiweni, tajiri mwenye kujigamba, mchungaji mwenye sauti: Mnyakyusa, na "fijo" yake mwisho wa kila sentensi. Anayeigiza mara nyingi hajawahi kuvuka Mikumi. Wapo wanaosema huu ni utani tu, na nusu nakubaliana nao, kwa kuwa watu wa Mbeya na Iringa ndio waliocheka kwa sauti kuliko wengine. Lakini utani ulikuwa na zamu. Mtani aliyekuigiza alikuwa mezani kwako, na kesho kofia ilikuwa kichwani mwako. Kamera haigeuki. Mzaramo wa Kariakoo hajawahi kuamka akakuta kituo cha televisheni cha Uyole kinamwigiza kwa nchi nzima.

Hollywood nao walifanya hivyo kwa ukatili zaidi. Hattie McDaniel alishinda Oscar mwaka 1940, Mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo, kwa kumwigiza mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind, na usiku ule wa sherehe alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile. Mtumishi wa nyumbani ndiyo nafasi aliyopewa karibu maisha yake yote ya kazi.

Na sisi mtu wa bara asiyejua mji tulimpata mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikodi kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Moja iliitwa Muhogo Mchungu, hadithi ya mshamba anayefika Dar es Salaam na kutapeliwa. Stelingi alikuwa kijana wa ofisi ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Pili wa Rais, na aliyesimama nyuma ya Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi bila kuonekana anasukumana kutafuta mbele ya kamera. Historia yetu ina mzaha wake: mtu aliyecheza stelingi kwenye filamu alikuja kuwa mwigizaji wa nafasi ya pili bora kuliko wote katika siasa za Afrika Mashariki. Na miaka 50 baadaye mwigizaji wa kikundi cha Kaole, Abdallah Mkumbila, alikuwa anaitwa Muhogo Mchungu na watoto ambao hawakuwahi kusikia kwamba palikuwa na filamu.

Sasa malipo. Hapa Wamarekani walifanya alichofanya mtani: waliingia kaburini na kukataa kutoka. Chama chao kilianzishwa 1933. Mwaka 1960, Ronald Reagan akiwa mwenyekiti, waigizaji waligoma kuanzia Machi mpaka Aprili, na walipotoka walikuwa wamepata mambo mawili. Filamu zilizotengenezwa baada ya Januari mwaka huo zikiuzwa kwa televisheni, mwigizaji analipwa tena. Na studio zikatoa dola milioni 2.25 kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Waliopoteza ni wazee waliocheza kabla ya 1960. Wao waliuzwa ili wengine wapate, na baadhi walikufa hawajamsamehe Reagan. Lakini mtu wa aina ya Walsh, anayeonekana dakika sita katika filamu inayorudiwa usiku wa manane kwenye vituo 40, alijengewa uzee wake pale. Hundi moja ni ndogo, nyingine haifiki nauli ya basi. Zikiwa za filamu 100 zinaanza kuwa kitu. Nisiwasifu kupita kiasi. Mwaka 2023 waligoma tena siku 118, kwa sababu filamu zilihamia kwenye mitandao na hundi zikageuka senti, na wengi wa wanachama hawafikishi kipato cha mwaka kinachotakiwa kupata bima ya afya ya chama chao wenyewe.

Kwetu mwigizaji alilipwa siku za kupiga picha, kisha mtayarishaji akauza kazi yote kwa msambazaji, haki na kila kitu, kwa bei ya mara moja. Kutoka hapo nakala zilisafiri kwa basi mpaka Mbeya, zikavuka Tunduma kwenda Zambia na Kasumulu kwenda Malawi, halali na za wizi zikipanda kiti kimoja. Nani angezihesabu? Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ilikuwapo tangu 1999. Lakini Cosota, ofisi ya hakimiliki, ilipogawa mirabaha kwa kishindo Januari 2022, takriban shilingi milioni 312, waliopokea walikuwa wanamuziki.

Majuto alipokuwa amelazwa mwaka 2018, suala la mikataba yake lilifika mezani kwa waziri wa habari, utamaduni, sanaa na michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, na waziri akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Inanipa raha kidogo kwamba aliyesimama kuuliza kofia ya marehemu inalipwa shilingi ngapi alikuwa Mnyakyusa, mtu wa kabila lililoigizwa sana bila kupewa zamu. Raha yenyewe haiendi mbali. Mgonjwa alikuwa tayari kitandani. Mtani anadai malipo kabla hajatoka kaburini, na sisi tulianza kuisoma mikataba mzee akiwa anaelekea huko. Alipelekwa India kutibiwa, akarudi, akafariki Muhimbili Agosti 8, 2018.

Vijana wa baada yake walisoma mafunzo hayo bila kusubiri kamati. Waliotokea Ze Comedy, kundi lililotamba kwenye EATV kisha likahamia TBC likiitwa Orijino Komedi, wengi walijua mapema kwamba kuchekesha ni njia ya kupata mtaji wa kitu kingine. Emmanuel Mgaya, Masanja Mkandamizaji kwa watazamaji wake, alirudi huku huku nyanda za juu na kuanza kulima mpunga Mbarali. Haoni haya kulisema: hupiga picha akiwa shambani, matope magotini, na kuwahimiza vijana waache kudharau jembe. Watu humsikiliza kuliko bwana shamba, kwa sababu wanasikia kichekesho kinakuja.

Nikiambiwa nitaje mfuko wa pensheni wa mwigizaji wa Tanzania, nitataja bonde la Usangu. Nao una michango yake. Mpunga wa Mbarali unategemea mifereji inayochota mito ya Usangu kabla haijaingia kinamasi cha Ihefu, na Ruaha Mkuu, mto ambao maji hayo yangeulisha, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu 1993, ndani ya hifadhi ambako viboko hubanana kwenye vidimbwi. Kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji, wa wakulima na hifadhi, wa mwenye shamba la juu na wa shamba la chini. Maji hutolewa kwa zamu, na anayekosa siku yake mferejini anaweza kupoteza msimu, awe na jina au asiwe nalo.